Ua la Usambara na Kivuli Chake

Mhadhara uliotolewa Gare, wilaya ya Lushoto, mbele ya wakulima, walimu, wanafunzi na wazee wa kata



 

Nimeombwa kuzungumzia mmea mmoja wa mwituni, mdogo, usiofika hata goti la mtoto, ambao umeipeleka Usambara katika madirisha ya Hamburg, London na Los Angeles. Wataalamu kwa muda mrefu wameuita Saintpaulia. Mimi leo nitauita ua la Usambara, kama Wajerumani wanavyouita mpaka sasa kwa lugha yao. Madhumuni yangu ni kueleza ua hili lilivyo, lilivyosafiri, linakoishi, linafaa nini, na namna ya kulipanda hapa hapa Gare bila kwenda kubandua hata shina moja mwambani. Hoja zangu ni tano, nami nitaziita kwa namba ili mwanafunzi anayeandika asipotee. Hazilingani urefu. Ya tatu na ya tano ndizo zenye nyama, na mkisinzia, sinzieni kwenye ya nne.

Kinachozifunga zote ni hiki: ua hili haliponi peke yake. Mwenye kutaka kulihifadhi ahifadhi kivuli cha mwamba linakoishi. Nitajitahidi kuwaonyesha kwamba kivuli hicho kina faida kwa shamba la kabichi pia.

Hoja ya kwanza: mmea wenyewe

Tuanze na sura yake. Majani hukaa kwa duara, yamelala karibu na mwamba, manene kidogo, yana vinyweleo vifupi ambavyo ukivigusa unahisi mahameli. Ipo jamii nyingine ambayo shina lake hutambaa au huning'inia ukingoni. Maua hutoka katikati ya majani juu ya vijiti vyembamba. Yana petali tano, mbili za juu ndogo, tatu za chini kubwa. Rangi yake mwituni ni ya zambarau au buluu iliyopauka, mara nyingine inakaribia weupe. Hayo mekundu, ya waridi na yenye mikunjo kama kitambaa cha pazia mnayoyaona kwenye kalenda yametengenezwa na wakulima wa maua.

Katikati ya ua kuna stameni mbili za manjano kali, nene, zilizoshikana. Mnaweza kudhani ni chakula kilichowekwa wazi. Lakini chavua iko ndani, imefungiwa, na mlango wake ni tundu dogo tu. Ua hili halina asali ya kumvutia nyuki. Nyuki wa kawaida wa mzinga akija hapati kitu. Anayeweza kuifungua stameni ile ni nyuki wa mwituni anayejua kutetema: anaikumbata, anatikisa misuli ya mbawa zake bila kuruka, mnasikia mlio mkali, na chavua inamwagika kifuani pake. Kwenye milima ya Taita, Kenya, mtafiti Dino Martins aliwaona nyuki wa jenasi ya Amegilla wakifanya kazi hiyo, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 2008.

Wakulima wa nyanya mliopo hapa, nisikilizeni kidogo. Ua la nyanya nalo limefungiwa chavua vivyo hivyo, na nyuki wa kutetema huliongezea kushika matunda. Ukipiga dawa ya wadudu saa nne asubuhi, nyuki wakiwa kazini, umewaua wafanyakazi wako mwenyewe. Piga jioni.

Jambo lingine la ajabu: kijiti cha kike kinachopokea chavua hakisimami katikati ya ua. Kimeinama upande. Ua hili kinainamia kulia, jirani yake kwenye shina lile lile kinainamia kushoto. Kwa hiyo nyuki aliyepakwa chavua upande mmoja wa mwili huifikisha kwenye ua linaloelekea upande wa pili, na mimea huchanganya damu badala ya kujizalia yenyewe. Mwalimu wa baiolojia atawaeleza kwa kirefu kuliko mimi. Baada ya hapo hutokea kitunda chembamba kinachokomaa kwa miezi kadhaa, ndani yake mbegu ndogo sana, zinazokaribia vumbi.

Hoja ya pili: safari

Historia inayosimuliwa sana humtaja mtu mmoja, Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya upande wa Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani. Kabla yake walikuwapo wengine. Mwaka 1884 Sir John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alipeleka mmea huu Kew, bustani kubwa ya mimea ya Waingereza. Mwaka 1887 akafuata mmisionari W. E. Taylor, kutoka upande wa Giriama na Shimba. Vielelezo vyao vilikuwa pungufu, wataalamu wakaviweka kabatini bila kuvipa jina.

Huyo Taylor ndiye yule yule aliyekusanya methali za Waswahili na mashairi ya Muyaka kule Mombasa. Na Baroni Saint Paul-Illaire aliandika kitabu cha kufundishia Wajerumani Kiswahili, kilichotoka mwaka 1890. Wanafunzi mnaolalamikia somo la Kiswahili, mjue kwamba wawili kati ya watatu wa kwanza kulipeleka ua hili Ulaya walikuwa watu wa Kiswahili. (Kicheko.)

Baroni alimpelekea baba yake mbegu huko Ujerumani. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen, Hannover. Wendland akaziotesha, zikachanua, na mwaka 1893 akalichapisha jina: Saintpaulia ionantha. Saintpaulia kwa heshima ya baba na mwana, ionantha kwa kuwa maua yanafanana na ya urujuani wa Ulaya, ingawa hayana undugu nao. Mwaka ule ule ua likaonyeshwa kwenye maonyesho ya kimataifa ya maua mjini Ghent, Ubelgiji, na kampuni ya mbegu ya Ernst Benary ya Erfurt ikaanza kuuza mbegu zake.

Msidanganyike mkaambiwa Baroni alilichuma hapa Gare. Alilipata miambani karibu na Tanga na katika msitu wa Usambara, kwenye joto zaidi kuliko huku. Ya kwetu ni mengine, nami nitayafikia.

Zikapita zaidi ya miaka 30. Mnamo mwaka 1926 kitalu cha Armacost na Royston cha Los Angeles, Marekani, kiliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, kikaotesha miche mingi, kikateua 10 iliyo bora. Mmoja ukaitwa Blue Boy. Kutokana na hiyo kumi na vizazi vyake zimetokea aina maelfu kwa maelfu zinazouzwa leo. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hili waliokutana Atlanta wakaanzisha chama cha Marekani nzima kwa ajili ya mmea huu mmoja. Chama kipo hadi leo, kina majarida yake, mashindano yake na majaji wake waliofunzwa.

Usambara ililipwa nini? Haikulipwa kitu. Wakati ule hapakuwa na sheria ya kulipa. Mkataba wa Bayoanuwai, uliosema kila nchi ina mamlaka juu ya mimea na wanyama wake, ulikuja mwaka 1992, karibu karne nzima baada ya mbegu zile kwenda Ulaya. Itifaki ya Nagoya ya kugawana faida ilipitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika 2014. Najua wapo watakaoniuliza kama tunaweza kudai Blue Boy. Maoni yangu ni kwamba tusipoteze nguvu huko. Kilichoondoka ni sehemu ndogo sana. Kilichobaki ndicho kikubwa, na hicho kiko mikononi mwetu.

Hoja ya tatu: mwamba, maji na kivuli

Ua hili kwa asili halipo popote duniani isipokuwa Tanzania na kusini-mashariki mwa Kenya. Lipo katika Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita kupita Usambara, Nguru, Uluguru na kuendelea kusini, pamoja na sehemu chache za nchi ya chini karibu na pwani. Katika eneo hilo lote, Usambara ndiyo iliyojaaliwa zaidi.

Wataalamu wamebishana kuhusu idadi ya aina zake. Brian Burtt wa bustani ya mimea ya Edinburgh alizipa majina nyingi kati ya hizo miaka ya 1950 na 1960, zikafika kama 20. Mwaka 2006 Iain Darbyshire wa Kew alizichambua upya, akaona nyingi zimeingiliana mno, akazipunguza hadi 6. Mwaka 2015 wengine wakaonyesha kwa vinasaba kwamba ukoo mzima ni tawi la jenasi nyingine, Streptocarpus, wakauhamishia huko. Kwa hiyo mkikuta kitabu kipya kinasema Streptocarpus na cha zamani kinasema Saintpaulia, ni mmea ule ule. Ubishi huu una athari. Aina inayokaa mwamba mmoja tu ikiitwa spishi kamili, watu hukimbilia kuilinda. Ikiitwa tawi la spishi nyingine iliyoenea, huweza kusahaulika, na mwamba wake ukafyekwa bila mtu kushtuka.

Huku Usambara Magharibi tunazo zetu. Ipo iliyopewa jina la Shume, yenye majani madogo ya mviringo na maua yaliyopauka. Huishi juu kwenye baridi kuliko ndugu zake wengi, na huvumilia ukame zaidi. Ipo iliyoelezwa kutoka Balangai, majani yake mahameli kweli kweli na mgongo wa jani una wekundu wa zambarau. Ipo ya Ambangulu, kwenye misitu iliyopakana na mashamba ya chai. Kwa mkulima wa maua wa Ulaya anayehangaika na gharama za kupasha joto nyumba yake ya vioo, mmea unaostahimili baridi ni mali. Hiyo ndiyo maana yangu niliposema kilichobaki ndicho kikubwa.

Sasa mahali penyewe. Hebu nani hapa amekwisha kuliona ua hili likiwa mwituni, mwambani? Naona mikono ya wazee, na ya mama mmoja. Vijana, tazameni ni nani walioinua mikono.

Walioliona watanikubalia. Hukaa kwenye mwamba mgumu, kwenye nyufa na vibao vyenye kuvu na udongo usiozidi unene wa kidole. Mara nyingi mwamba una mteremko mkali, karibu na kijito au maporomoko, pale panapokuwa na unyevu bila maji kutuama. Mara moja moja huota juu ya gogo au shina la mti. Linapenda mwanga uliochujwa na majani ya miti mirefu. Mwaka 1978 mtafiti Dick Johansson alichapisha uchunguzi juu ya ua hili katika mazingira yake ya asili, na tangu hapo wengine waliofuata wamerudia lile lile: ukiondoa miti ya juu, jua linapiga mwamba, kuvu inakauka, mimea inaungua katika kiangazi cha kwanza au cha pili. Hakuna aliyeigusa. Hakuna aliyeichimba. Imekufa kwa sababu ya mti uliokatwa hatua 20 kutoka pale.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema adui wa ua hili ni watalii wanaochimba. Wapo, nami nitawasema. Lakini mchimbaji anaondoa mashina machache, shoka linaondoa mwamba mzima.

Historia ya shoka katika milima hii mnaijua. Enzi za Wajerumani mwangati wa Shume uliteremshwa kwa waya wa juu mpaka Mkumbara kwenye reli. Mkulo, uliokuwa mti mkuu wa misitu ya unyevu, ukafuatiwa kila ulipo kwa sababu ya mbao zake. Usambara Mashariki, miaka ya 1970 na 1980, kiwanda cha mbao cha Tanga kilivuna kwa mashine kwa msaada wa Finland, mpaka wananchi na wanasayansi wakapiga kelele na uvunaji ukasimamishwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Mwaka 1997 Amani ikatangazwa hifadhi ya mazingira asilia, na leo mgeni akienda Amani anaongozwa kuliona ua hili. Hiliki nayo ilifanya uharibifu wa kimya kimya: ilipandwa chini ya miti mikubwa, msitu ukionekana mzima kwa mbali, kumbe miche ya miti imefyekwa yote na hakuna wa kurithi.

Huku kwetu tatizo ni dogo dogo na la kila siku. Shamba linaongezwa hatua tano kila msimu kuelekea kijito. Mti wa asili uliosimama juu ya mwamba unakatwa kwa kuwa unalitia kivuli shamba, kisha panapandwa mkaratusi kwa kuwa unakua haraka. Mkaratusi una faida zake, mimi mwenyewe nimejenga kwa nguzo zake. Lakini hunywa maji mengi, na kando ya chemchemi si mahali pake.

Na hapa ndipo penye shamba la kabichi. Msitu wa mlima hunasa ukungu na mvua, ukaachia maji polepole. Mwamba ule wenye ua ndio mara nyingi mahali maji yanapochomozea. Ukiona ua la Usambara linastawi, jua kwamba hapo unyevu haujakatika mwaka mzima. Likinyauka lote, mfereji wako ulio chini uko mashakani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji. Bwana Mtendaji wa Kata anatabasamu. Anajua ni mita ngapi zinazofuatwa. Lakini laiti tungezifuata hizo 60 tu, tungekuwa tumelilinda ua hili mahali pengi bila kulitungia sheria yake yenyewe.

Hoja ya nne: matumizi

Kwa ufupi. Sikuja kuwauzia dawa. Zipo habari za mimea mingi ya misituni inayotibu, na siku hizi kila jani linatiwa kwenye chupa na kubandikwa lebo. Ua hili faida yake iliyothibitika ni pambo. Halina sumu kwa paka wala mbwa, na hiyo ni moja ya sababu ya kupendwa kwenye nyumba za ghorofani. Huchanua ndani ya nyumba, kwenye mwanga wa wastani, karibu mwaka mzima likitunzwa. Mimea yenye sifa hizo zote pamoja ni michache.

Faida ya pili ni elimu. Jani moja linatosha kumfundisha mtoto uzazi usio wa mbegu, na ua moja linatosha kumfundisha uchavushaji. Shule inahangaika kununua picha za ukutani wakati kielelezo kipo mlimani.

Hoja ya tano: kulipanda

Kabla ya kueleza namna, niseme mahali pa kupata cha kupanda. Usiende mwambani. Msitu wa hifadhi una sheria, na kutoa mmea humo bila kibali ni kosa. Mwambani penyewe shina lina miaka mingi, mizizi yake imeshika udongo mwembamba, na ukilibandua mara nyingi hufa kwa sababu umelihamisha kutoka unyevu kwenda vumbi. Anza na jani kutoka kwenye mmea uliokwisha kupandwa: kwa mwenzako, kwa kitalu, au kwa taasisi yenye kibali. Hapa Lushoto tunacho kituo cha utafiti wa misitu cha TAFORI. Milango yake ipo, tugonge.

Jani. Chagua jani zima, si changa la katikati wala kuukuu la pembeni. Lile la mzunguko wa kati. Likate pamoja na kikonyo chake, kisha ukipunguze kikonyo kibaki kama sentimita 3, ukikata kwa mshazari kwa wembe safi. Liache dakika chache jeraha likauke. Lichomeke kwenye udongo, kikonyo kikiingia kama sentimita moja na nusu, jani likiegemea nyuma. Funika kwa mfuko mwangavu wa plastiki au chupa ya maji iliyokatwa kitako ili unyevu usitoroke. Weka penye mwanga, pasipo jua. Baada ya wiki tatu au nne mizizi imetoka. Baada ya miezi miwili au mitatu utaona vijani vidogo vinachungulia chini ya jani mama. Vikifika ukubwa wa kucha mbili, vitenganishe taratibu, kila kimoja chungu chake. Kuanzia jani mpaka ua la kwanza hesabu miezi kama minane hadi mwaka. Mwenye haraka apande mchicha.

Udongo. Udongo wetu mwekundu wa mfinyanzi utaiua mizizi kwa kuikosesha hewa. Chukua mboji ya majani iliyooza kabisa, mchanga mnene wa mto uliooshwa, na mkaa uliopondwa vipande vidogo. Sehemu sawa. Ukiukamata mkononi ukakamua, usigandamane. Chungu kiwe kidogo, kina matundu chini. Kanuni ya wakulima wa ua hili ni kwamba upana wa chungu uwe kama theluthi ya upana wa mmea. Chungu kikubwa hushika maji mengi, na shingo ya mmea huoza.

Maji. Hapa nawasihi watu wa Gare hasa. Maji ya mfereji wetu ni baridi sana. Jani la ua hili likimwagiwa maji baridi seli zake huvunjika, na kesho yake unaona madoa ya njano yasiyofutika. Chota maji leo, yaache ndani ya nyumba yalale, ndipo umwagilie kesho. Usimwage juu ya majani. Weka chungu ndani ya sahani yenye maji kidogo, kinywe kwa chini nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Rudia udongo wa juu unapoanza kukauka, si kabla.

Mwanga na joto. Dirisha linalotazama mashariki ni zuri. Mmea ukirefusha vikonyo kwenda juu, unatafuta mwanga. Majani yakipauka na kukakamaa, umepata mwingi mno. Joto unalolipenda ni kati ya nyuzi 18 na 24. Mchana wa Gare unafaa, lakini usiku wa Juni na Julai haufai kwa aina za kigeni za dukani. Usiku uondoe dirishani, uweke mbali na kioo, na usiuweke jikoni penye moshi wa kuni.

Wadudu. Anayesumbua sana ni kidung'ata, yule mweupe kama pamba anayejificha kwenye makwapa ya majani. Mfute kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa spiriti. Mmea ulioathirika sana utupe pamoja na udongo wake. Kuusikitikia ni kuiambukiza mingine.

Mbegu nazo huota, ila zinataka subira zaidi: zinyunyizwe juu ya udongo bila kufunikwa, kwa sababu zinahitaji mwanga. Faida yake ni kwamba kila mche utatofautiana na mwenzake, ilhali miche ya jani ni nakala ya mama. Kwa biashara, tumieni jani. Kwa kuhifadhi aina ya mwituni, mbegu ndiyo njia, na hiyo ni kazi ya watafiti wenye vibali tukishirikiana nao.

Na biashara ipo? Ipo, ya kiasi. Lushoto inapokea wageni, na mgeni anayetoka nchi ambayo bibi yake alikuwa na ua hili dirishani atalinunua akiliona limeandikwa kwamba limeoteshwa Gare. Anayetaka kuvuka nalo mpaka anahitaji cheti cha afya ya mmea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Mweleze mapema asije akanyang'anywa uwanja wa ndege akakulaumu wewe. Na akikwambia, «Kijana, nipeleke mwambani nichimbe mwenyewe, nitakulipa zaidi,» mpeleke akatazame, apige picha, umtoze kwa kumwongoza. Mwamba utakulipa mwakani tena.

Mbele yetu

Sitawapa maazimio 20. Nina mapendekezo matatu, nayo yanaweza kuanza msimu huu.

Shule zetu za kata, za msingi na za sekondari, zianzishe kila moja meza moja ya majani katika chumba chenye dirisha la mashariki. Vyungu vinaweza kuwa vikopo vya maziwa vilivyotobolewa. Klabu ya mazingira isimamie, na mauzo yabaki kwenye klabu.

Wazee walioinua mikono leo, kaeni na vijana wawili watatu wenye daftari. Waambieni ni miamba ipi ambako mliliona ua hili mlipokuwa wachunga mbuzi, na ipi bado inalo. Orodha hiyo ikabidhiwe serikali ya kijiji na watu wa misitu, isibandikwe hadharani wala kuwekwa kwenye simu za watu, ili isiwe ramani ya wachimbaji.

Na wewe mwenye shamba linalogusa mwamba wenye maji: acha miti iliyosimama juu yake. Kama imekwisha kukatwa, panda ya asili, usipande mkaratusi. Bwana Mtendaji, mita 60 hizo tuzipime pamoja kwa kamba, tukianza na chanzo kimoja tu kabla ya mvua za masika, na mimi nitakuja kushika upande mmoja wa kamba.

Sasa karibuni kwa maswali, na tuanze na yule mama aliyeinua mkono.